Kipande Kukubaliana na Karatasi: Ukaguzi wa Mabomba katika Programu za Usanifu

Chukueni flenji mbili za inchi nne mziweke mezani ubavu kwa ubavu. Moja ni ya kiwango cha Kimarekani, klasi 150. Ya pili ni ya kiwango cha Ulaya, PN 16. Zote ni za chuma, zote zina matundu manane ya bolti, na mtu akizitupia jicho la haraka atasema ni ndugu wa tumbo moja. Zikipimwa, duara linalopita katikati ya matundu ya ile ya kwanza lina kipenyo cha milimita 190.5, na la pili lina milimita 180. Kila tundu limehama zaidi ya milimita tano kutoka kwa mwenzake, na bolti ya milimita 16 haipiti. Ukishuka hadi inchi tatu tofauti inajianika yenyewe, maana ya Kimarekani ina matundu manne na ya Ulaya ina manane. Hapo hahitajiki mtaalamu. Hatari imo kwenye zile zinazofanana. Thredi nazo ni vivyo hivyo. Thredi ya Kiingereza na ya Kimarekani za nusu inchi zote zina meno 14 kwa kila inchi, ila pembe ya jino la kwanza ni digrii 55 na ya pili ni 60. Nipo, kile kipande kifupi cha bomba chenye thredi, itaingia kwenye soketi, itazunguka raundi kadhaa, itakaza, na fundi ataongeza thredi tepu aende zake. Itakuja kuvuja baadaye, ukuta umeshapigwa plasta na kupakwa rangi.

Nchi zetu za Afrika Mashariki zinaishi katikati ya mila hizi zote. Maji ya majumbani yalirithi thredi za Kiingereza. Mitambo ya mafuta na gesi kwa sehemu kubwa hufuata viwango vilivyoandikwa Marekani. Na pampu iliyoagizwa Ujerumani au Italia huja na flenji zake za PN. Vyote hivyo hulala katika stoo moja, juu ya rafu moja, chini ya vumbi moja.

Ndiyo maana ofisi za usanifu zimehamia kwenye programu za kompyuta ambazo hazimruhusu msanifu achore bomba kama mstari mtupu. Katika AutoCAD Plant 3D, katika E3D ya AVEVA, na katika nyingine za jamii hiyo, nyuma ya kila mchoro kuna waraka ambao kazini huitwa kwa kifupi speki. Speki ni orodha ya masharti. Inaweza kusema kwamba kwa mvuke wa daraja fulani, kuanzia nusu inchi hadi inchi moja na nusu tutumie viungo vya kuchomekwa na kulehemiwa, vya klasi 3000. Kuanzia inchi mbili kwenda juu tulehemu ncha kwa ncha. Bomba la inchi sita liwe na ukuta wa milimita 7.11; flenji ziwe klasi 150; gasketi ziwe za aina hii; na tawi la inchi mbili likitoka kwenye bomba la inchi sita litoke kwa kiungo kile. Msanifu akishaipa laini namba yake na kuitaja speki, programu humletea vipande vilivyomo katika orodha hiyo peke yake, kama mwenye duka anayetandaza mezani kile tu kilichoagizwa.

Baada ya hapo hufuata ukaguzi. Programu hulinganisha kila elbo, kila ti, kila valvu na flenji na kile kinachosemwa na speki, na pia hulinganisha umbo lililochorwa na ule mchoro wa mtiririko uliotangulia: kama mchoro ulisema inchi nne na umbo limechorwa inchi tatu, onyo hutokea. Kuna ulinganisho mwingine ambao husahaulika mno. Katika baadhi ya programu hizi kipande kikishawekwa hubeba nakala ya taarifa zake. Speki ikirekebishwa leo, valvu iliyochorwa wiki iliyopita haibadiliki mpaka mtu aagize ilinganishwe na toleo jipya. Jambo hili si dogo hata kidogo. Geti valvu ya inchi sita ya klasi 150 yenye flenji ina urefu wa milimita 267 kutoka uso hadi uso; ya klasi 300 ina milimita 403. Speki ikipandishwa daraja na mchoro ukabaki na valvu ya zamani, karakana itakata bomba refu kupita kiasi kwa milimita 136, na kreni itakuwa imeshakodiwa kwa siku.

Hoja ninayoileta mbele yenu ni hii: ukaguzi wa kompyuta unathibitisha kwamba kipande kimekubaliana na maandishi. Kama maandishi yenyewe yanaiweza kazi iliyokusudiwa, hilo haulijui. Kama chuma kitakachofungwa saiti ndicho kilichoandikwa, hilo nalo haulijui. Kwa hiyo faida yake kubwa naiona mahali ambapo wauzaji wa programu hawapatangazi: ukaguzi huu unamlazimisha mtu aandike uamuzi wake, kipengele kwa kipengele, na kuutia sahihi kabla bomba halijanunuliwa. Ofisi inayonunua programu kwa ajili ya tiki ya kijani, kisha ikaacha speki iandikwe na yeyote aliyekutwa na nafasi, imenunua mizani ikasahau mawe.

Tuangalie hiyo klasi 150, kwa sababu jina lake limewahadaa wengi. Katika kiwango cha Kimarekani cha ASME B16.5, flenji ya klasi hiyo iliyotengenezwa kwa chuma cha kaboni cha kawaida inaruhusiwa kubeba bar 19.6 bomba likiwa na nyuzi 38 za Selsiasi. Kwenye nyuzi 200 inashuka hadi bar 13.8, kwenye 250 ni 12.1, kwenye 300 ni 10.2. Chuma ni kilekile, bolti ni zilezile, na namba iliyogongwa ubavuni ni ileile, ila joto limekula nguvu. Sasa fikirieni laini iliyosanifiwa kwa bar 13 na nyuzi 200. Speki imesema klasi 150, vipande vyote ni klasi 150, ukaguzi umepita, na umepita kwa haki. Miezi mitatu baadaye wahandisi wa mchakato wanagundua kwamba kimiminika kitatoka na nyuzi 250. Wanabadilisha namba moja katika jedwali lao. Kuanzia dakika hiyo flenji zote za laini ile hazifai, na kwenye skrini hakuna kilichobadilika. Programu bado inalinganisha 150 na 150 na kuona ni sawa. Ili iseme vinginevyo, lazima mtu awe ameandika katika speki mipaka ya joto na presha ambayo ndani yake inatumika, na mtu mwingine awe amepewa kazi ya kuzilinganisha namba za mchakato na mipaka hiyo kila zinapobadilika. Programu inaweza kusaidia kazi hiyo ikiagizwa. Haiwezi kuibuni.

Historia ya fani hii ina matukio mawili yanayolionyesha jambo hili waziwazi, na uzuri wake kwa mwenye kutaka kufikiri ni kwamba yanakwenda pande mbili tofauti. La kwanza ni la Flixborough, mashariki ya Uingereza, katika kiwanda kilichokuwa kikitengeneza malighafi ya nailoni. Kulikuwa na matangi sita ya mmenyuko yaliyopangwa kwa ngazi, kila moja likiwa chini kidogo ya lililotangulia, na ndani yake mlipita sikloheksani ya moto yenye presha. Machi 1974 tangi la tano lilipatikana na ufa, likaondolewa. Ili kazi isisimame, tangi la nne liliunganishwa na la sita kwa bomba la muda. Midomo ya matangi ilikuwa na kipenyo cha inchi 28. Bomba lililopatikana kiwandani lilikuwa la inchi 20. Kwa kuwa matangi hayakuwa usawa mmoja, bomba lilipindwa mara mbili, na kila ncha ikafungwa kwenye kiungo cha mikunjo, mfano wa ile ya kodiani. Mchoro wa kazi hiyo ulikuwa wa chaki, kwenye sakafu ya karakana. Tarehe 1 Juni 1974 bomba lilitoka, wingu la mvuke likalipuka, watu 28 wakafa.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama kisa cha chaki, kana kwamba kompyuta ingewaokoa. Sina hakika na hilo. Uchunguzi uliofuata ulieleza kwamba mahesabu kadhaa yalifanywa: waliangalia kama bomba la inchi 20 lingepitisha kiasi kilichotakiwa, na kama bomba lililonyooka la kipimo hicho lingehimili presha ya ndani. Lilihimili. Lau programu ya leo ingepewa kipande kile peke yake ikilinganishe na masharti ya ukubwa, unene na presha, huenda ingekipitisha. Kilichowaua watu ni nguvu ya kukunja iliyozaliwa na ule mpindo baina ya viungo viwili vya mikunjo, nguvu ambayo haikai ndani ya kipande chochote kimoja. Inakaa katika mkusanyiko wao. Masharti ya kuizuia yalikuwepo katika kiwango cha Uingereza cha wakati ule na katika maelekezo ya mtengenezaji wa viungo vile, ila hakuna aliyeyaleta mezani. Hapa ndipo chaki inapokuwa na maana yake ya kweli. Juu ya sakafu ile hapakuwa na sehemu ya kuandika ni sharti gani limetumika na nani ameliridhia. Fomu ya speki, hata ya karatasi, ingeuliza: kiungo cha mikunjo, cha nani, kwa maelekezo yapi, kimeshikiliwa na nini? Swali hilo likibaki tupu linaonekana tupu.

Tukio la pili lilitokea Texas City, Marekani, tarehe 28 Julai 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta ambacho miezi minne kabla kilikuwa kimepoteza watu 15 katika mlipuko mwingine. Safari hii usanifu ulikuwa sahihi. Kwenye mabomba ya hidrojeni ya kikundi cha vibadilisha joto kulikuwa na elbo za inchi nane zilizofungwa kwa flenji. Baadhi zilikuwa za chuma cha kaboni, kwa kuwa pale zilipokaa joto lilikuwa dogo. Nyingine zilikuwa za aloi yenye kromiamu kidogo, kwa kuwa zilikaa penye joto kali. Kwa vipimo zililingana kabisa. Februari mwaka huo vibadilisha joto vilifunguliwa kwa matengenezo, elbo zikashushwa chini, na wakati wa kurudisha, mbili zilibadilishana nafasi. Mafundi hawakuambiwa kwamba zinatofautiana, na hapakuwa na alama ya kuwaambia. Elbo ya kaboni ilifanya kazi katika joto lisilo lake kwa takriban miezi mitatu tu. Hidrojeni ya moto ilipenya ndani ya chuma hicho, ikakutana na kaboni iliyomo, zikaungana kuwa methani, na gesi hiyo, isiyo na pa kutokea, ikakipasua chuma kutoka ndani. Elbo ilipasuka na moto ukawaka. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 30. Mtu mmoja aliumia kidogo.

Hapo speki ilikuwepo, michoro ilikuwepo, na kila kipande kilikuwa kimekubaliana na maandishi yake siku ya ujenzi. Lililokosekana ni ulinganisho wa mwisho, wa chuma chenyewe na karatasi. Kifaa cha kufanya ulinganisho huo kipo, kinashikwa mkononi kama bunduki ndogo. Hupiga eksirei juu ya uso wa chuma na kusoma ni metali gani zimo na kwa kiasi gani. Kwa kromiamu hutoa jibu kwa sekunde. Kuna pia namba za mkupuo wa kuyeyusha chuma zinazogongwa kwenye kipande na kuandikwa katika cheti cha kiwanda kilichokitengeneza. Orodha ya vifaa inayotolewa na programu ya usanifu ndiyo inayotakiwa kushuka hadi pale, ikiwa na safu ya namba ya mkupuo na safu ya aliyepima. Ikiishia kwa ofisa ununuzi, nusu ya kazi yake imepotea njiani.

Najua yapo mapingamizi, na la kwanza linastahili heshima. Linasema kwamba fundi aliyekula chumvi nyingi katika kazi hii hahitaji kompyuta. Jicho lake linatosha. Ni kweli kwamba jicho lile huona mambo ambayo speki haiyagusi: gurudumu la valvu limegeukia ukutani, spana haina pa kuzungukia, bomba halina mteremko wa kumwaga maji. Ofisi inayomdharau mtu huyo itajuta. Ila uzoefu humfundisha mtu kutambua kisichofanana, na hatari tulizozitazama ni za vitu vinavyofanana. Hakuna jicho linaloona kromiamu. Hakuna kidole kinachotofautisha digrii 55 na 60 ndani ya thredi ya nusu inchi iliyopakwa grisi.

Pingamizi la pili hutoka kwa wale wanaozitumia programu zenyewe. Wanasema ukaguzi hutoa maonyo kwa mamia, mengi yakiwa hayana maana, hadi mtu anachoka na kuyakubali yote kwa mpigo. Malalamiko haya ni ya kweli, na nadhani yanathibitisha hoja niliyoitoa. Onyo linalojirudia mara mia katika mradi mmoja ni taarifa kuhusu speki, pengine sharti moja lililoandikwa vibaya ambalo wasanifu wote wanalikwepa kimyakimya. Dawa yake ni kulirudisha kwa mwandishi wa speki alirekebishe. Yapo pia maonyo ya haki ambayo mradi umeamua kuyavumilia: valvu maalumu ya mtengenezaji fulani haimo katika orodha, na haina budi kutumika. Hayo yaandikwe moja moja, na sababu, na jina la aliyeruhusu, na mwisho wa ruhusa hiyo. Msanifu anayebadilisha sifa za kipande kwa mkono ili onyo lizimike ameondoa taa ya hatari badala ya hatari, na atakayefungua mchoro huo miaka kumi baadaye hatakuwa na njia ya kujua.

La tatu ni la pesa. Programu hizi ni ghali, leseni zake hulipiwa mwaka hadi mwaka, na halmashauri ya wilaya inayochimba mtaro wa maji haina fungu hilo. Nakubali. Lakini kama thamani iko katika uamuzi ulioandikwa, basi mwanzo wake ni jedwali la kawaida la kompyuta: safu ya kipande, ya ukubwa, ya daraja la presha, ya kiwango, ya sharti la speki, na ya tofauti. Chukueni mradi wa maji ya mtiririko mlimani. Tangi liko juu, kijiji kiko bondeni mita 120 chini yake. Usiku koki zote zikifungwa, maji yaliyotulia yataweka bondeni presha ya karibu bar 12. Bomba la plastiki la PE 100 lenye kipenyo cha milimita 110 huuzwa likiwa na ukuta wa milimita 6.6, ambalo ni PN 10, au wa milimita 10, ambalo ni PN 16; namba ya PN ndiyo presha, kwa bar, ambayo bomba limekusudiwa kuhimili. Kwa nje yote mawili ni meusi, yote yana mistari ya buluu, na yote ni milimita 110, kwa hiyo viungo vilevile huyabana yote mawili. Kinachoyatofautisha ni maandishi yaliyochapwa ubavuni, ambayo jua na udongo wa mtaroni huyafuta upesi, na unene unaoonekana kwenye ncha iliyokatwa. La kwanza ni la bei rahisi. Bila safu inayosema kwamba kuanzia kimo fulani kushuka chini ni PN 16 peke yake, na bila mtu wa kupima ncha kwa kalipa kabla mtaro haujafukiwa, kijiji kitapata la kwanza, na litapasuka saa nane za usiku wakati hakuna anayechota maji.

Limebaki jambo moja ambalo wachunguzi wa Marekani walilisema baada ya moto wa Texas City, na linawagusa wasanifu kuliko mafundi. Walishauri kwamba mfumo usanifiwe kwa kuzingatia maisha yake yote, matengenezo yakiwemo, ili kipande cha aloi kisiweze kubadilishana nafasi na kipande cha kawaida. Kwa mfano, elbo mbili ambazo zingeweza kulingana zipewe urefu tofauti, au matundu ya bolti yasiyooana. Msanifu anayefanya hivyo atakuwa ameharibu unadhifu wa mchoro wake. Programu zinapenda kujirudia: elbo moja katika katalogi, ikitumiwa mara nyingi, orodha fupi, bei nzuri. Mkaguzi atauliza kwa nini kuna vipimo viwili mahali ambapo kimoja kingetosha, na kwenye skrini elbo sawa na elbo tofauti zote zitapata tiki ileile ya kijani. Jibu lake halitaonekana popote mpaka zishushwe sakafuni siku ya matengenezo, na fundi ajaribu kuipandisha ile isiyo yake, ikatae kuingia.